Muulize Sajini: Mkono Ulioumwa Usiufiche Mfukoni

Naandika nikiwa nimejitanda kanga mbili na juu yake kabuti la zamani la kazi, maana Julai ya Moshi haina huruma na mlima haujajitokeza huu ni mchana wa nne. Kuku wangu hapa Pasua wamegoma kutaga. Barua hazijagoma. Zimekuja nyingi mwezi huu, na kadhaa zinahusu kazi niliyoifanya miaka 31 hadi nikastaafu na cheo cha Sajini Meja wa Magereza, kwa hiyo mhariri kaniomba nizijibu kwa pamoja. Nimewaondolea majina na vituo vyenu. Na mimi sitataja magereza niliyopitia. Tusiharibiane.

Jambo afande, na shikamoo. Mimi ni askari, mwaka wa pili kazini, mkoa wa Arusha. Wiki tatu zilizopita mimi na mwenzangu tulikuwa tunaamua ugomvi wa mahabusu wawili waliokuwa wanagombea mahali pa kulala. Mmoja akaning'ata mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada, damu ikatoka. Nilifunga leso, nikaweka mkono mfukoni, nikamaliza zamu. Sikumwambia mkubwa yeyote, kwa sababu wangenicheka, askari mzima kung'atwa kama mtoto wa chekechea. Kidonda kimeshapona lakini silali. Je, nimepata UKIMWI? — Askari Kijana, Arusha

Marahaba mwanangu. Nianze na kinachokunyima usingizi. Mate peke yake hayaambukizi virusi vya UKIMWI. Kung'atwa kunaweza kuambukiza pale tu ambapo mdomo wa aliyekung'ata ulikuwa na damu yake na meno yamepasua ngozi, na hata hapo hutokea kwa nadra mno. Hata hivyo usikae ukibahatisha. Dawa za kinga, zile zinazomezwa siku 28, zina faida zikianza ndani ya saa 72 tangu tukio. Wewe umekaa wiki tatu na leso yako, mlango huo umefungwa. Kilichobaki ni kupima sasa, kisha kurudia ikitimia miezi mitatu tangu siku ile. Nenda hospitali ya Mount Meru au kituo chochote cha afya, sema ukweli kwamba uling'atwa na mtu kazini. Mhudumu hatacheka. Ameona makubwa kuliko hayo kabla ya chai ya saa nne.

Ukiwa hapohapo omba wakupime homa ya ini aina ya B. Hiyo watu hawaizungumzi, na ndiyo iliyokuwa ikinitia hofu zaidi mimi nilipokuwa wodini, yaani kwenye vyumba vya wafungwa. Kirusi chake kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku saba: kwenye wembe, kwenye pingu, kwenye kingo za mlango. Ukikutwa huna, anza chanjo. Ni sindano tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Wengi huchoma ya kwanza na ya pili, ya tatu wakaisahau. Iandike nyuma ya mlango.

Siku nyingine, Mungu apishie mbali, usiende kwenye leso. Nenda kwenye bomba. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili, utaziona ndefu. Usikamue, usinyonye, usimwagie spiriti wala ile dawa ya kufulia nguo nyeupe. Kisha nenda kwa daktari siku hiyohiyo, maana kinywa cha mtu ni kichafu, mkono hauchelewi kuvimba, na kuna sindano ya pepopunda.

Sasa la kitabu. Umeniandikia mimi barua ya kurasa mbili, lakini kitabu cha matukio hakijui chochote. Nikusimulie. Usiku mmoja, saa tatu na robo, nilichanwa juu ya nyusi ya kushoto kwa mpini wa kijiko ambao mfungwa mmoja alikuwa ameusugua kwenye sakafu ukawa kama msumari. Ilikuwa mchubuko tu. Bibi mmoja wa zamu, mkubwa wangu, akanisimamia hadi nikaandika: saa, mahali, jicho lipi, kifaa gani, nani alikuwepo. Nilinung'unika, nilitaka kulala. Miaka sita baadaye jicho lile likaanza kutoa machozi lenyewe, na pale nilipoulizwa ushahidi kwamba niliumia kazini, kilichonitetea kilikuwa mstari mmoja na nusu wa wino wa bluu. Yule bibi alishafariki. Mstari wake ulikuwepo.

Kwa hiyo nenda leo ukaandike, ukieleza pia kwa nini umechelewa. Mwombe mwenzako naye aandike alichokiona. Utachekwa siku mbili.

Na kuna jambo umelipita haraka kwenye barua yako: mahali pa kulala. Ugomvi wa wodini haudondoki kutoka angani, una saa zake. Jioni mahabusu wanaporudi mahakamani na kesi zimeahirishwa tena. Wakati wa kugawa chakula. Siku ya ndugu kutembelea, hasa kwa yule ambaye ndugu zake hawakutokea. Na usiku wa kwanza wa mgeni, ambaye kila mara husukumwa karibu na choo. Wewe na mwenzako mkijua leo kaingia nani na analala wapi, mtasimama pale kabla ya meno.

Mama, nakuandikia kwa siri. Kuna mfungwa mpole sana, msomi, aliniomba nimpigie mkewe nimjulishe kwamba yuko salama kwa sababu mtoto wao alikuwa amelazwa. Nilimhurumia, nikapiga. Kesho yake mke akanitumia shilingi 20,000 kwenye simu, ya asante. Sikuirudisha, nilikuwa na shida. Sasa huyo mfungwa anataka nimwingizie simu ndogo na laini. Anasema nikikataa, atamweleza Mkuu wa Gereza habari za zile hela. Nina mke na mtoto. Nifanyeje? — Nimenasa, Kilimanjaro

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Kwanza ujue hakukuomba wewe kwa bahati. Alikuchagua. Mfungwa hana kazi nyingi kama ya kututazama. Anajua nani kaja na kiatu kilichopasuka, nani anakopa kwa wenzake kuanzia tarehe kumi na tano, nani anamlalamikia mkubwa wake mbele ya wafungwa. Hilo la mwisho ndilo wanalolipenda kuliko yote, maana askari anayemsema afande wake mbele ya mfungwa ameshahamia upande wa pili bila kujua. Huenda mtoto aliumwa kweli. Mtego mzuri hutegwa kwa kitu cha kweli.

Pili, zile hela. Elfu ishirini, sokoni Mbuyuni haifikishi hata jogoo wa maana na mafuta ya kumkaangia. Lakini zimeacha jina lako, jina la mke wake, saa na dakika kwenye kumbukumbu za simu, na yeye analijua hilo kuliko wewe.

Nenda kwa Mkuu wa Gereza leo, kabla jua halijazama, kabla hujaoga, kabla hujamwambia mkeo. Mwambie kwa mdomo, kisha uandike maelezo kwa mkono wako: siku uliyopiga, namba uliyopiga, hela iliyoingia, maneno aliyokutishia. Usipunguze wala usitie chumvi. Sitakudanganya kwamba atakupa mkono wa hongera. Kuna mashtaka ya nidhamu, kuna adhabu, na pengine kuna cheo ambacho utakisubiri muda mrefu. Nakuambia nenda tu. Leo unashtakiwa kwa simu moja na elfu ishirini. Ukiiingiza ile simu, unashtakiwa kwa kila kitakachofanywa nayo.

Na kitafanywa nini? Hatampigia mkewe, mke ameshapatikana. Simu iliyoingia kwa siri hutisha mashahidi. Hupanga nani asubiri wapi gengi la kazi za nje litakapopita. Huuzwa kwa dakika kwa wafungwa wengine, na wale wanaoshindwa kulipa hupigwa usiku, na anayeingia kuwaamua ni mwenzako wa zamu, yule mnayegawana naye muhogo. Baada ya simu haombi simu tena. Ataomba kitu chenye ncha, au ataomba ugeuke ukutani dakika tano.

Usinione mtakatifu. Mwaka wangu wa nne nilidondosha kifungo cha shati la sare asubuhi ya ukaguzi, na mfungwa mmoja, fundi mzuri kuliko mafundi wote wa Double Road, akanishonea fasta kwa uzi wa rangi ileile. Sikumlipa, hakuniomba chochote. Wiki ileile nikamwona anapita lindoni kwangu bila ruhusa, anatembea taratibu kama yuko kwao. Nikamwita. Wenzake wakacheka: "Huyo ni wa afande." Nilihisi shingo inapata moto. Kifungo kimoja cha shati kilitaka kunipa kifungo! Nilikwenda kwa mkubwa wangu jioni ile, nikaeleza, nikaomba kuhamishwa wodi. Alinitukana tusi ambalo mhariri hataruhusu, akanihamisha.

Tangu siku hiyo nilijifunza na habari ya funguo. Funguo za kazi hazining'inizwi kiunoni zikalialia. Zinakaa kwenye mfuko, na zikitoka zinafunikwa na kiganja, kwa sababu kuna watu wanaoweza kutazama meno ya ufunguo kwa sekunde chache wakayachonga baadaye kwenye kipande cha bati. Mpaka leo nikifungua jiko langu nafunika ufunguo kwa kiganja. Mjukuu wangu anafikiri naficha sukari.

Shikamoo mama. Mume wangu ni askari magereza. Tangu Machi, alipomkuta mahabusu amejinyonga akiwa zamu ya usiku, amebadilika. Anaamka saa nane za usiku, anakagua milango, anakwenda chumba cha watoto anawahesabu kwa kidole. Wako watatu tu. Nikimuuliza anasema "lala". Ameanza kunywa, yeye aliyekuwa anaonja mbege kwenye sherehe tu. Nifanye nini? — Mke wa Askari, Majengo, Moshi

Marahaba binti yangu. Kuhesabu usikushangae sana. Mimi mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikuwa nahesabu abiria kwenye Coaster ya Arusha. Tukifika Boma Ng'ombe wakashuka wawili, roho inanisumbua hadi nijue wameingia wangapi. Kazi yetu ni hesabu asubuhi, hesabu mchana, hesabu jioni, na ikipungua mmoja hakuna anayekwenda nyumbani. Mumeo usiku ule hesabu yake ilipungua mmoja, na hajaipata mpaka leo.

Nikueleze kitu ambacho yeye pengine hawezi kukisema. Nilikofanya kazi mimi, usiku askari wa lindo hakai na funguo za selo, na hata akiwa nazo haingii peke yake. Sababu ni nzuri: mtu anaweza kujilaza kama amekufa ili mlango ufunguliwe. Kwa hiyo ukimulika tochi ukaona miguu haigusi chini, unapiga filimbi, unaita, unasubiri mwenzako na funguo. Hizo ni dakika. Unasimama upande huu wa nondo na macho yako yako upande ule. Askari wengi waliopitia hapo hawaoti yule marehemu. Wanaota zile dakika. Wanajiambia wangevunja mlango. Mlango ule hauvunjiki, binti yangu, umejengwa usivunjike.

Wenzetu Uingereza askari wa magereza hubeba kisu kidogo maalum ambacho makali yake yako ndani, cha kukatia kitanzi bila kumjeruhi mtu wala kugeuzwa silaha. Natamani kila lindo lingekuwa nacho.

Wewe sasa. Saa nane ya usiku usibishane naye, wala usimwambie "hayo yameshapita". Amka, washa taa, hesabu naye watoto, mrudi kulala. Mchana, akiwa hajanywa, mwambie maneno machache: najua habari ya Machi, sikuulizi, lakini twende wote. Kwenda wapi? Hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, uliza kliniki ya afya ya akili. Kama neno hilo linamtia aibu, mwambie mnakwenda kwa ajili ya usingizi. Ni kweli pia. Kama yuko mstaafu au askari mkongwe anayemheshimu, mwite aje kunywa chai, wakae wawili bila wewe. Wanaume wa kazi ile huongea wakiwa wanatengeneza kitu, hivyo tafuta kiti kilichovunjika. Pombe usiimwage, ataificha tu na utakuwa umepoteza hesabu yake.

Lakini siku akianza kusema ni bora asingekuwepo, au akagawa vitu vyake, au akarudi nyumbani na silaha, hiyo siyo ya kusubiri kliniki. Siku hiyohiyo mwite ndugu, mpigie mkubwa wake wa kazi, na usimwache peke yake hata kwenda chooni.

Sajini, kila siku unawalilia askari. Wafungwa je, wanaolala wamebanana kama dagaa? Hao si binadamu? — Baba Neema, Usa River

Baba Neema, umenichokoza na nimefurahi. Sikiliza: mimi na mfungwa tulikuwa tunavuta hewa moja. Kifua kikuu hakiulizi nani amevaa kaki. Mgonjwa akikohoa kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, vijidudu vinaelea hewani kwa saa nyingi, na asubuhi anayefungua mlango na kuipokea hewa yote ya usiku usoni ni askari. Mwaka fulani wawili kati yetu tuliokuwa zamu moja walikutwa nacho. Mmoja alipelekwa hospitali ya Kibong'oto kule Siha, kwa sababu chake kilikuwa kimezoea dawa. Mimi nilipima makohozi nikakutwa salama, na tangu hapo nilikuwa kero ya madirisha: yafunguliwe, magodoro yatolewe juani, anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetokwa jasho usiku au anayekonda apelekwe kupimwa, awe mfungwa awe mpishi awe Mkuu. Vipimo na dawa ni bure. Dawa za kifua kikuu cha kawaida ni miezi sita, na asiyeimaliza anatutafutia sote balaa. Kubanana huko unakokusema, basi, ni hatari kwa mfungwa na ni hatari kwa askari. Hapo hatubishani.

Tena nikuongezee, nawe usije ukasema napendelea. Askari anayempiga mfungwa asubuhi bila sababu, deni lake analipa wa zamu ya jioni. Nimefungiwa wodini na hasira nisizozizaa mimi. Kanuni za Mandela za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema kwenye kanuni ya 82 kwamba nguvu isizidi ile iliyo ya lazima, na aliyeitumia aripoti mara moja kwa mkuu wa gereza. Vijana huiona kama kanuni ya kumlinda mfungwa. Mimi niliishi nayo kama koti la mvua.

Je, si bora askari wa ndani ya wodi wapewe bunduki? — Msomaji, Ngaramtoni

Hapana. Kanuni hiyohiyo ya 82 inasema askari anayekutana na wafungwa ana kwa ana asibebe silaha ila kwa hali maalum, na naikubali si kwa kumhurumia mfungwa. Wewe uko mmoja, wao ni themanini. Bunduki ikiingia humo ni ya atakayekuwa na mikono mingi.

Lakini mikono mitupu kabisa nayo ina maneno yake. Tarehe 25 Februari 2013, katika gereza la Canaan huko Pennsylvania, Marekani, askari aitwaye Eric Williams aliuawa na mfungwa wakati wa kufunga selo usiku. Alikuwa peke yake na wafungwa wapatao 130, akiwa na funguo, pingu na redio ya mawasiliano. Machi 2016 ikapitishwa sheria yenye jina lake, askari wa magereza yenye ulinzi wa kati na mkali ya serikali ya shirikisho wakaruhusiwa kubeba pilipili ya kupuliza. Wengi wanaikumbuka ile pilipili. Mimi nikisoma habari ile jicho linaganda kwenye "peke yake". Ukinipa kuchagua kati ya kopo la pilipili na askari wa pili, nipe askari wa pili. Ukiweza, nipe vyote.

Kwa nini askari msiunde chama cha wafanyakazi mkadai vifaa? — Mwalimu, Sakina

Kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 2, imeyaweka majeshi nje ya sheria hiyo, Magereza ikiwemo. Ndiyo maana nakazania kalamu na ngazi ya amri. Tochi mbovu iandike leo, iandike kesho, iandike hadi anayesoma achoke.

Shikamoo bibi. Nimepata nafasi ya kwenda mafunzo ya magereza Kiwira. Mimi ni msichana wa miaka 21, natokea Kiboriloni. Nibebe nini, na niogope nini?

Marahaba mjukuu wangu, hongera sana. Kiwira ni Rungwe, mvua yake siyo ya kuuliza msimu, hivyo beba soksi nyingi kuliko unavyodhani na mafuta ya kupaka miguu. Saa ya mkononi ya bei ndogo inayosomeka gizani. Kalamu mbili za bluu, moja ya kuibiwa. Ukimaliza utapangiwa wanawake wenzako, maana wafungwa wa kike husimamiwa na askari wa kike, na watu watakwambia huko ni kwepesi. Huko ndiko nilikochanwa nyusi. Hereni ziache kwa mama yako. Na hizo rasta nilizoziona kwenye picha uliyoambatanisha, nzuri kweli, zinyoe mwenyewe wiki hii hapo Kiboriloni ukiwa na akili zako, kuliko kunyolewa na mtu mwenye haraka. Nywele ndefu ni mpini.